1888: Mwaka Wajerumani Walipozika Makaisari Wawili

Haya wapendwa, habari za huko? Shikamooni wakubwa zangu, na wadogo zangu hamjambo. Leo niko Charlottenburg, upande wa magharibi wa Berlin. Ngoja nigeuze kamera muone. Hilo jengo refu lenye kuba la kijani katikati ndilo kasri lenyewe. Lilipigwa mabomu mwaka 1943 likajengwa upya, kwa hiyo msije mkaniuliza kwenye maoni kama vioo ni vilevile vya zamani.

Nimekuja hapa kwa sababu kuna mtazamaji wetu wa Muheza aliuliza kama ni kweli Ujerumani iliwahi kutawaliwa na wafalme watatu ndani ya mwaka mmoja. Ni kweli kabisa. Babu, mwana na mjukuu. Mwaka 1888. Hapa watu wanaukariri tangu shuleni: nane tatu, makaisari watatu.

Tuanze na mzee. Wilhelm wa Kwanza alifariki Berlin tarehe 9 Machi, zikiwa zimebaki siku chache tu atimize miaka 91. Huyo ndiye aliyetangazwa kaisari mwaka 1871, baada ya kuwapiga Wafaransa. Ila kazi ya kuendesha nchi ilikuwa ya Bismarck, chansela wake. Mzee alikuwa anatia saini, wakati mwingine kwa kunung'unika, lakini anatia.

Mwanawe Friedrich alikuwa ameisubiri zamu yake mpaka akafika miaka 56. Ilipomfikia, hana sauti. Kansa ya koo. Na hapa nitakaa kidogo, maana kisa hiki kina mambo.

Mwaka 1887 madaktari wa Kijerumani walitaka kumpasua. Akaitwa daktari bingwa kutoka Uingereza, Morell Mackenzie, akasema subirini, kwanza tukipime kinyama kilichotolewa kooni. Aliyekipima ni Rudolf Virchow, mtu ambaye dunia nzima ya udaktari ilimheshimu, na yeye hakuona kansa. Upasuaji ukaahirishwa. Ilipofika Novemba mwaka huohuo mgonjwa yuko San Remo, Italia, kutafuta hewa nzuri, haikuwa siri tena kwamba ni kansa. Februari 1888 wakamtoboa koo na kumwekea mrija apate kupumua. Tangu hapo alizungumza kwa vikaratasi. Anaandika, anampa mtu, mtu anasoma.

Habari ya kifo cha baba yake ilimkuta San Remo. Jambo mojawapo la kwanza alilofanya kama kaisari ni kuvua nishani ya Tai Mweusi kwenye koti lake mwenyewe na kumvisha mkewe, Victoria, binti wa Malkia Victoria wa Uingereza. Wakubwa wa Berlin walimwona mama huyu kama mpelelezi wa Waingereza aliyelala chumba kimoja na mfalme. Mume akamtunza mbele ya watu. Mimi hapo nampenda huyu baba, siwafichi.

Wakapanda treni kurudi kwenye baridi ya Machi, wakamweka humu Charlottenburg. Tarehe 16 baba yake akazikwa. Maziko yenyewe yalifikia hapahapa, kwenye kaburi la familia lililo ndani ya bustani, nyuma ya jengo hili. Mwana hakuweza kutoka. Alisimama dirishani akatazama jeneza la baba yake likipita.

Halafu Aprili ukazuka mgogoro wa posa. Victoria alitaka binti yao aolewe na Alexander wa Battenberg, aliyewahi kutawala Bulgaria. Bismarck akasema ndoa hiyo itaikasirisha Urusi, na ikifungwa yeye anajiuzulu. Posa ikafa. Malkia wa Uingereza alifunga safari akaja kumtazama mkwewe, akakutana na Bismarck humu humu ndani. Inasemekana Bismarck alitoka anajifuta jasho.

Friedrich alitawala siku 99. Alifariki tarehe 15 Juni katika kasri la Potsdam, mji jirani na Berlin. Kijana wake, Wilhelm wa Pili, miaka 29, alilizingira kasri hilo kwa wanajeshi siku ileile na kuamuru makaratasi ya wazazi wake yapekuliwe. Baba bado hajazikwa! Lakini mama alikuwa mjanja kuliko mwanawe, makaratasi mengi ya siri alikwishayavusha mapema kwenda Uingereza.

Sasa, ukikaa na Wajerumani wapenda historia, wengi watakwambia kwa huzuni: Friedrich angeishi, mambo yangekuwa mengine. Alipenda Bunge liwe na nguvu, alitaka urafiki na Uingereza, pengine hata vita ya 1914 isingetokea. Wanamwita kaisari wa matumaini yaliyokatika. Nawaelewa. Lakini mimi ni mtu wa Tanga, na mwaka huo nautazama nikiwa nimesimama upande wetu.

Machi hiyohiyo, wiki chache tu baada ya mzee Wilhelm, Unguja nako kulikuwa na msiba. Sultani Barghash alifariki, akakalishwa ndugu yake Khalifa. Tarehe 28 Aprili, Khalifa akatia saini mkataba wa kuikabidhi Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki pwani yetu yote, kuanzia mto Umba hadi Ruvuma, ushuru wa forodha humo humo, kwa miaka 50. Aprili 28. Hesabuni wenyewe Berlin alikuwa anatawala nani. Si Wilhelm wa Pili, ambaye kila ubaya tunamtwika yeye. Ni huyu wa vikaratasi, kaisari mwema.

Simaanishi kwamba Friedrich alitoka kitandani akaandika mkataba wa Unguja. Hali aliyokuwa nayo mmeisikia. Ninachosema ni kwamba mashine ilikuwa ya Bismarck na wafanyabiashara wa kampuni, na ilikuwa inasaga iwe kitini yupo mzee, mgonjwa au kijana. Kwa mtu wa Pangani, makaisari watatu walikuwa bendera moja.

Na bendera yenyewe ilipandishwa Agosti. Ofisa wa kampuni pale Pangani aliitwa Emil von Zelewski, na nyie wa Iringa mnamjua kwa jina la Nyundo. Alimdharau liwali na bendera ya Sultani, na husimuliwa kwamba watu wake waliingia msikitini na mbwa, siku za Idi ya kuchinja. Watu wakasema basi. Pangani wakasimama na Abushiri bin Salim, Saadani wakasimama na Bwana Heri, na moto ukashika miji ya pwani hadi Kilwa, Wajerumani wawili wakauawa huko Septemba.

Cha ajabu, Agosti hiyohiyo huku Ujerumani, Bertha Benz alichukua gari alilolibuni mumewe, bila kumuaga, akapakia vijana wake wawili, akaendesha kutoka Mannheim hadi Pforzheim, kama kilomita 100. Njiani mafuta yakaisha, akanunua kwenye duka la dawa. Ndiyo, famasi. Mrija wa mafuta ukaziba, akauzibua kwa pini ya kofia. Nchi ileile, mwezi uleule.

Kampuni ilishindwa kabisa kuituliza pwani. Januari 1889 Bunge la Berlin likapitisha mark milioni 2, akatumwa Hermann Wissmann na askari wengi aliowaandikisha Misri na Msumbiji. Abushiri alinyongwa Pangani Desemba 1889. Nyundo naye alikutana na watu wa Mkwawa kule Lugalo, Agosti 1891, na hakurudi.

Wiki ijayo nakwenda Potsdam, alikozikwa Friedrich, nitawaonyesha. Walioko Pangani, hasa wazee: habari ya mbwa msikitini mliisikiaje kwa babu zenu? Niandikieni hapo chini, au mpeni mjukuu aandike. Sasa acha nikimbilie kule nyuma kwenye kaburi la mzee, maana naona mlinzi ameshaanza kutikisa funguo.