Madhara ya Kamari Nje ya Mlango wa Daktari

Ndugu Mwenyekiti, mabibi na mabwana,

Dodoso linalotumika sana katika tafiti za kamari, lililoandaliwa Kanada mwaka 2001, lina maswali tisa kuhusu miezi 12 iliyopita. Je, uliwahi kuweka dau kubwa kuliko ulivyomudu kupoteza? Je, ulirudi siku nyingine kutafuta fedha zilizokwenda? Je, ulikopa au kuuza kitu ili ucheze? Kila jibu lina alama 0 hadi 3, na anayefikisha 8 kati ya 27 huhesabiwa kuwa mchezaji mwenye tatizo.

Kwa muda mrefu tulimtazama huyo wa alama 8 peke yake. Mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani uliitambua hali yake kuwa maradhi mwaka 1980, na mwaka 2013 ukaihamishia kwenye kundi la uraibu, pamoja na pombe na dawa za kulevya. Hayo yalimfaa mgonjwa. Hata hivyo, utafiti uliofanywa katika jimbo la Victoria, Australia, na kutolewa mwaka 2016, ulipojumlisha madhara yote, yaani madeni, usingizi uliopotea, kodi ya nyumba iliyochelewa na uongo kwa mwenzi, ulikuta sehemu kubwa imo kwa watu wenye alama ndogo, kwa sababu tu wao ni wengi mno. Hao hawafiki kliniki.

Tutazame basi mchezo wenyewe. Magurudumu mawili ya mashine ya kamari yamesimama kwenye picha ileile, la tatu limepitiliza hatua moja. Ni hasara kamili, lakini uchunguzi wa ubongo uliochapishwa mwaka 2009 ulionyesha kwamba hasara ya namna hii huamsha sehemu zilezile zinazoamshwa na ushindi, na huzidisha hamu ya kuendelea. Aliyebashiri mechi kumi kwenye mkeka mmoja, yaani tiketi moja ya kubeti, kisha ukachanwa na mechi moja tu, hasemi amekosa; husema alikaribia, kisha huweka mwingine.

Ndiyo maana sina imani kubwa na maneno "cheza kistaarabu" yanayoandikwa kwa herufi ndogo chini ya tangazo. Norwe iliziondoa mashine za kamari mwaka 2007, na zilizokuja baadaye zilifungwa kikomo cha hasara ambacho mchezaji hawezi kukivuka. Uingereza nayo, mwaka 2019, ilishusha dau la juu katika mashine za maduka ya kubeti kutoka pauni 100 hadi pauni 2.

Nina ombi moja kwa wasimamizi wa sekta hii. Kampuni ya kubeti mtandaoni ina kumbukumbu ya kila dau, saa lilipowekwa na dakika ngapi zilipita kabla ya lililofuata, ilhali sisi tunamtaka mtu akumbuke mwaka mzima kwa maswali tisa. Kumbukumbu hizo, zikishaondolewa majina, zifikishwe kwa watafiti kama sharti la leseni.