Usifomati Kwanza: Linux Ikigoma Kuwaka

Shikamooni wakubwa zangu, na wadogo zangu habari za asubuhi. Nashukuru mmekuja hapa Sinza Jumamosi, wengine kutoka Mbagala na Gongo la Mboto na foleni yote ile.

Naanza na binti mmoja wa chuo. Alinunua laptop ya mtumba Kariakoo, rafiki yake akampigia Ubuntu, aina mojawapo ya mfumo wa Linux, kwa flashi. Jioni ile iliwaka vizuri kabisa, kazi zake zote akazihamishia humo. Rafiki akachomoa flashi yake, akaondoka nayo. Asubuhi binti anawasha: kioo cheusi, maandishi meupe yanayosema hakuna kifaa cha kuanzia. Akaipeleka kwa fundi, fundi akafomati. Kazi ya utafiti ya mwaka wa tatu ikaenda yote. Aliponisimulia nilimuuliza: jioni ile, ilipokuwa inawaka, flashi ilikuwa imechomekwa? Akasema ndiyo, muda wote.

Basi hapo ndipo penye ugonjwa. Ubuntu ilikaa kwenye diski ya laptop, lakini GRUB, ile programu ndogo inayouamsha mfumo, iliwekwa kwenye flashi. Nyumba imejengwa, ufunguo kaondoka nao mgeni. Dawa yake ni kuchomeka flashi ile ile, kuwasha, kufungua terminali, lile dirisha la kuandikia amri, na kuandika `sudo grub-install /dev/sda`, ikiwa `/dev/sda` ndilo jina la diski ya laptop. Amri moja tu. Mpaka leo tukio lile linaniuma, ndiyo maana nimesimama hapa.

Kompyuta haiwaki kwa mkupuo mmoja, inapokezana kijiti. Ukibonyeza kitufe, anayeamka kwanza ni BIOS, programu iliyomo kwenye ubao wa mashine yenyewe, au UEFI kwenye mashine mpya. BIOS inasoma kipande cha kwanza kabisa cha diski, baiti 512, na humo msimbo wa kuamshia una baiti 446 tu. GRUB yote haienei hapo, kwa hiyo kipande hicho kinaita sehemu nyingine ya GRUB iliyo mbele kidogo kwenye diski. GRUB inapakia keneli, yaani kiini cha mfumo, pamoja na initramfs, mfumo mdogo wa muda wa kuanzia; keneli inaitafuta diski yenye mfumo, kisha programu iitwayo systemd inaanzisha huduma zilizobaki. Kazi ya fundi ni kujua kijiti kimeangukia wapi, na kioo chenyewe ndicho kinachokuambia.

Tatizo kinakuambia kwa Kiingereza. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulituletea OpenOffice, programu za kazi za ofisi, kwa Kiswahili, jambo la kujivunia kweli. Ila ujumbe huu wa kuwaka bado wengi wetu tunauogopa, tunaona maandishi tunakimbilia kufomati. Naomba tuusome pamoja.

Ukiona `grub rescue>`, msishtuke. GRUB imeamka lakini haijaona mafaili yake, mara nyingi kwa sababu mtu amefuta au amegawa upya vigawanyo vya diski, yaani sehemu ambazo diski imegawanywa. Andika `ls`, itakuorodheshea, mathalani `(hd0,msdos1)`. Diski zinahesabiwa kuanzia sifuri, vigawanyo kuanzia moja. Hapo watu hupotea sana. Jaribu kimoja kimoja, `ls (hd0,msdos1)/boot/grub`, mpaka kimoja kikuonyeshe mafaili. Ukikipata, andika `set prefix=(hd0,msdos1)/boot/grub`, halafu `insmod normal`, halafu `normal`. Menyu itatokea. Mfumo ukishawaka usiuzime kabla hujaendesha `grub-install` na `update-grub`, la sivyo ukizima unarudi pale pale.

GRUB ikipita na kioo kikabaki cheusi, shuku kadi ya picha. Kwenye menyu bonyeza herufi e, ongeza neno `nomodeset` mwishoni mwa mstari unaoanza na linux, bonyeza F10. Hilo halina mambo mengi.

Lenye mambo mengi ni mitumba yetu. Laptop imekaa miaka, ile betri ndogo ya duara kwenye ubao, CR2032 ya volti 3, imekufa. Umeme ukiondoka kabisa mashine inasahau mipangilio: saa inarudi nyuma miaka, na njia ya kuwakia inaweza kuhama kutoka UEFI kwenda ile ya zamani ya BIOS, au kinyume chake. Linux iliyopigwa kwa UEFI haitaonekana kwa njia ya zamani, hata kama iko salama kwenye diski. Kwa hiyo kabla hujagusa chochote ingia kwenye mipangilio ya BIOS au UEFI, tazama tarehe. Ikiwa imerudi nyuma miaka, badilisha betri kwanza. Na unapopiga Linux upya, washa flashi kwa njia ile ile utakayowakia diski. Ukitaka kuhakikisha, tazama kama folda ya `/sys/firmware/efi` ipo. Ikiwepo, uko kwenye UEFI.

Halafu umeme unaokatika ghafla kwenye mashine isiyo na betri ya kutunza chaji. Unawasha, inasimama kwenye `(initramfs)`. Hapo keneli imefika, imeshindwa kufungua kigawanyo cha mfumo kwa sababu mafaili yameachwa nusu nusu. Juu kidogo itakutajia jina la kigawanyo. Andika `fsck`, amri ya kukagua na kurekebisha kigawanyo, na jina hilo, kwa mfano `fsck /dev/sda2`, kubali marekebisho, kisha `reboot`. Mara nyingi inawaka tena.

Lakini kabla ya `fsck`, kabla ya lolote kati ya haya, mafaili ya mtu. Washa kwa flashi, chagua kujaribu bila kupiga, fungua diski, nakili nyaraka na picha kwenye diski ya nje. Hili si suala la ufundi, ni amana. Binti yule alikabidhi miaka yake mitatu kwa mtu ambaye hakumuuliza hata swali moja.

Sasa wenye mashine zilizogoma zileteni mbele, flashi ninazo mbili. Kaka wa shati la bluu, yako imeandika nini? Usiizime, tusomee kama ilivyo.