Nimeuza Nyumba Yangu Marekani Bila Dalali

Wazee wangu shikamooni. Wenzangu, za siku nyingi. Mnaona kuta nyuma yangu ziko tupu, ile picha kubwa mliyoizoea haipo, rafu ya vitabu haipo. Nyumba hii imeuzwa. Jana tumesaini, leo asubuhi pesa imeingia, na tuliandikiana na mnunuzi kwamba tubaki siku mbili tumalizie kuhamisha mizigo. Kwa hiyo hii ndiyo video ya mwisho kutoka sebule hii.

Nilipogusia wiki chache zilizopita kwamba nauza bila dalali, mliniandikia wengi sana, na swali lilikuwa lilelile: kwani Marekani inaruhusiwa? Inaruhusiwa. Hati ina jina lako, nyumba ni yako, unaweza kuchomeka kibao nje kwamba inauzwa na mwenyewe na ukaiuza. Watu wanachoogopa ni makaratasi. Mimi nilipoingia ndani nikakuta makaratasi mazito hayaandikwi na dalali. Hati inachunguzwa na kampuni ya hati, salio la mkopo linatolewa na benki, na mkataba mimi nimeandikiwa na mwanasheria. Yapo majimbo, kama Georgia, South Carolina na Massachusetts, ambako mauzo hayafungwi bila mwanasheria. Hata jimbo lako lisipokulazimisha, mtafute. Mimi nimemwacha dalali. Mwanasheria sikumwacha hata siku moja.

Sasa tuanze na pesa, maana ndiyo iliyotufanya tuamue hivi. Kwa miaka mingi kamisheni hapa imekuwa kama asilimia 5 mpaka 6 ya bei ya nyumba. Inakatwa upande wa muuzaji, halafu wanagawana madalali wawili, wa kwako na wa mnunuzi. Chukua nyumba ya dola 400,000. Asilimia 6 ni dola 24,000. Mimi nimefanya kazi za usiku miaka mingi, ndugu zangu, na najua dola 24,000 ni saa ngapi za kusimama. Bei ya kwetu siitaji hapa, hiyo ni yangu na mwenzangu, lakini mmeupata uzito wake.

Na utaratibu wenyewe umebadilika, jambo ambalo hata watu waliokaa hapa miaka mingi hawalijui. Oktoba 2023 baraza la wazee wa mahakama huko Missouri liliona kwamba namna kamisheni zilivyokuwa zikipangwa ilivunja sheria za ushindani. Machi 2024 chama cha kitaifa cha madalali, National Association of Realtors, kikakubali kulipa dola milioni 418 kuimaliza kesi, na kuanzia tarehe 17 Agosti 2024 kanuni zikawa mpya. Sasa dalali wa mnunuzi haruhusiwi kumtembeza mteja kwenye nyumba kabla hawajaandikiana malipo yake ni kiasi gani. Na kwenye ile orodha kuu ya nyumba wanayoitumia madalali, MLS, hakuna tena kutangaza kwamba dalali atakayeleta mnunuzi atalipwa kadhaa.

Haina maana kwamba hawataomba. Mnunuzi wetu alikuja na dalali wake, na ombi lao lilikuja na sharti kwamba sisi ndio tumlipe asilimia 2.5. Tulivutana siku mbili, tukaishia asilimia 2. Kwa hiyo nikisema bila dalali, ninasema bila dalali wangu. Tena kuna mnunuzi mwingine, kabla ya huyu, alinitazama usoni akaniambia, "Wewe hulipi dalali, basi hiyo asilimia nipunguzie mimi." Jiandaeni kwa huyo, maana atakuja. Wanunuzi wanajua umeokoa nini na kila mmoja anaona ni haki yake. Nilimjibu kwamba ile kazi imefanywa, aliyeifanya ni mimi, na mimi ndiye niliyelipwa. Hakurudi, na sikujuta.

Kazi iliyonichosha kuliko zote ni bei. Jiko lile mnaloliona kule nyuma tulilitengeneza wenyewe, likizo mbili mfululizo, kabati moja moja. Kichwani mwangu jiko lile lina thamani ambayo hakuna mtu atanilipa. Niliingia kwenye kumbukumbu za kaunti, ambazo zinafunguliwa na mtu yeyote, nikatafuta nyumba za karibu zilizouzwa ndani ya miezi sita: ukubwa wa ndani, idadi ya vyumba, mwaka wa kujengwa. Angalia bei iliyouziwa, usiangalie bei iliyotangazwa, maana kutangaza kila mtu anaweza. Halafu tukamlipa mthamini wa kujitegemea dola mia kadhaa aje apime. Karatasi yake ilikuja chini ya tulichokuwa tunakiota. Mwenzangu aliisoma mara mbili, akaikunja, akaenda kuosha vyombo. Hatukuongea mpaka usiku.

Lakini tuliifuata, na nashukuru. Kwa sababu mnunuzi anayekopa, benki yake inatuma mthamini wake. Akikuta nyumba haifiki bei mliyokubaliana, benki inakopesha kwa kile kilichopimwa tu. Pengo lililobaki aidha mnunuzi analiziba mfukoni mwake, au wewe unashuka, au biashara inavunjika baada ya wiki tano za kusubiri. Ya kwetu ilifika.

Tangazo nalo lina mtego wake. Mimi niliandika "nyumba nzuri kwa familia yenye watoto". Mwanasheria akaufuta mstari ule hapohapo. Sheria ya makazi ya haki ya mwaka 1968 inakataza tangazo la nyumba kuonyesha upendeleo wa rangi, dini, asili ya mtu, na baadaye wakaongeza jinsia, ulemavu na hali ya kuwa na watoto. Na hilo katazo la tangazo linamgusa hata mwenye nyumba anayeuza mwenyewe. Eleza nyumba, usieleze mtu unayemtaka. Kuhusu picha sitawachosha: ondoa vitu, fungua mapazia, piga mchana. Na ipo njia ya kuingizwa kwenye MLS kwa kulipa ada moja tu, bila kumpa mtu asilimia. Sisi tulifanya hivyo, na mnunuzi alitupata kwa njia hiyo.

Sasa njooni niwaonyeshe kitu. Ngoja nibebe simu. Tunashuka chini... haya, mnaiona kona hii? Huu mstari wa rangi ya chai, unaanzia sakafuni, unapanda kama kiganja kimoja hivi. Masika ya miaka mitatu iliyopita maji yaliingia hapa. Mfereji wa paa ulikuwa umeziba majani, maji yakawa yanamwagika kwenye msingi. Tukaurekebisha, tukapeleka bomba mbali na ukuta, na hayajarudi tena. Ningeweza kupaka rangi hapa kwa nusu saa. Rafiki yangu mmoja, mtu mwema kabisa, ndivyo alivyonishauri: paka rangi, weka rafu, nyamaza.

Majimbo mengi yana fomu ambayo muuzaji anajaza kasoro anazozijua, maswali ni yao na yanatofautiana. Ya kwetu ilikuwa na swali la maji. Nikaandika mwaka, nikaandika chanzo, nikaambatanisha risiti ya fundi wa mfereji. Rangi sikupaka. Siku mkaguzi wa mnunuzi alipokuja, alipiga magoti palepale, akagusisha kile kipimo chake cha unyevu ukutani, akakisogeza, akagusisha tena. Mimi nimesimama ngazini moyo unadunda. Akainuka akamwambia mnunuzi: "Pakavu. Ni kama alivyoandika." Mnunuzi akanitazama, na nadhani nyumba iliuzwa pale, si siku tuliyosaini.

Na kama nyumba imejengwa kabla ya 1978, kuna la rangi yenye madini ya risasi, hilo ni la nchi nzima. Unaandika unachokijua, unampa mnunuzi kijitabu cha serikali, na ana haki ya siku 10 za kupima akitaka. Ya kwetu ni ya baadaye, haikutuhusu.

Hapa wale mnaoishi huku na wale mnaofikiria kurudi mnisikilize vizuri. Ukiuza nyumba uliyoimiliki na kuishi ndani yake angalau miaka miwili kati ya mitano iliyopita, faida yako mpaka dola 250,000 haitozwi kodi ya serikali kuu. Wanandoa wanaojaza kodi pamoja ni dola 500,000. Hiyo ni nafuu kubwa. Lakini upande wa pili: kama kwa macho ya kodi wewe ni mgeni, si raia, huna kadi ya kijani, wala hesabu ya siku ulizokaa haikufanyi mkazi, mnunuzi kwa kawaida anatakiwa azuie asilimia 15 ya bei na kuipeleka mamlaka ya kodi, IRS. Ya bei nzima, siyo ya faida. Kuna nafuu kwa nyumba ambayo mnunuzi ataishi mwenyewe: ikiwa haizidi dola 300,000 anaweza asizuie chochote, na ikizidi hapo mpaka milioni moja inakuwa asilimia 10. Ukijaza hesabu za mwaka unarudishiwa kilichozidi, ila umesubiri. Asiye mgeni anasaini hati ya kiapo tu, kama sisi tulivyosaini. Kwa hiyo ndugu yangu unayetaka kurudi nyumbani kwanza halafu nyumba iuzwe ukiwa huko, kaa na mtu wa kodi kabla hujakata tiketi.

La mwisho bado linanitetemesha. Siku mbili kabla ya kusaini, iliingia barua pepe, nembo ya kampuni ya hati, jina la yule dada tuliyekuwa tunaongea naye, imeandikwa kwa adabu: tumebadilisha utaratibu, tafadhali thibitisha namba ya akaunti yako kwenye kiungo hiki. Jina la nyumba, sahihi. Tarehe, sahihi. Nilikuwa nimeshaweka kidole. Kilichonizuia ni herufi moja kwenye anwani, pana r na n pale palipotakiwa kuwa m. Nikapiga simu kwa namba iliyokuwa kwenye karatasi yangu ya mwanzo, si ile ya kwenye barua. Dada wa watu akashtuka, barua ile hakuituma yeye. Tukampigia na mnunuzi saa ileile, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa na pesa kubwa ya kutuma. Kama ni dola za nyumba, ongea na mtu kwa sauti, kwa namba uliyoipata mwanzoni.

Je, kila mtu afanye hivi? Hapana. Kama unaishi mbali na nyumba, kama ni urithi na ndugu hamjaelewana, au kazi yako haikupi nafasi ya kupokea simu mchana, mlipe dalali mzuri na ulale. Wapo wazuri, na jasho lao ni la halali. Sisi ilituchukua miezi miwili na nusu, na Jumamosi zote zilikwenda humo.

Haya, nirudi kwenye maboksi. Kuna daftari nawaandikia wanaohamia: valvu ya maji iko wapi, swichi ipi ni ya taa gani, na kwamba ule mfereji wa kona usafishwe kila majani yakianguka. Maswali yawekeni hapo chini, nitayajibu Jumapili nikishapata intaneti kule tunakohamia.