Nyoosha kichwa cha milingi kabla hujalaumu kisu

Haya mafundi, asanteni kwa kuja, nyie wa Katwe mlioko nyuma sogeeni mbele maana hii daili geji, kipimo cha mshale cha kusoma tofauti ndogondogo, ni ndogo na nataka kila mtu aone mshale ukicheza. Nitaongelea kitu kimoja tu, kichwa cha milingi, yaani mashine ya kuchonga chuma kwa kisu kinachozunguka, hasa hizi za aina ya Bridgeport ambazo wengi mnazo kwenye gereji za nyumbani, zile kichwa chake kinalala kushoto na kulia na pia kinainama mbele na nyuma. Bridgeport ya kwanza iliuzwa Marekani mwaka 1938, na hata hizi tunazopata kutoka China zimefuata umbo lilelile, kwa hiyo shida yake nayo ni ileile.

Kichwa kikipinda kidogo tu kazi inaonyesha. Uso unatoka na bonde katikati, au ukipitisha kisu mara mbili sambamba unakuta ngazi ambayo ukucha unaisikia. Pigeni hesabu na mimi: kichwa kimekosea milimita 0.1 kwenye upana wa 200, kisu chako kina kipenyo cha 60, kikipinda kuvuka njia ya kisu ngazi inakuwa 0.03. Watu wanatoa hela kununua kisu kipya, ngazi inabaki palepale!

Na ile mistari ya digrii iliyochorwa kwenye kichwa, jamani, msiiamini. Inakufikisha karibu tu.

Futa meza vizuri, funga goti, ile sehemu inayopandisha meza, na kwili, ile inayoshusha spindo, halafu daili geji ishikwe na spindo yenyewe, ule mhimili unaozungusha kisu, uizungushe kwa mkono, mashine imezimwa kwenye swichi ya ukutani. Ikipita juu ya meza moja kwa moja inadumbukia kwenye ile mifereji ya bolti, ndo maana mimi naweka ringi ya nje ya beringi kubwa ya lori juu ya meza, nyuso zake zimesagwa sambamba, geji inapita juu yake bila kuruka. Isafishe pande zote mbili, punje moja ya chuma chini yake inaharibu kila kitu.

Sasa hapa sikilizeni sana. Bolti za kichwa usizilegeze zote ukaacha, ni kizito kile, kinaweza kuanguka upande mmoja kikakuvunja mkono. Legeza kiasi tu cha kukifanya kisogee ukizungusha ile bolti ya kurekebishia. Anza mbele na nyuma, kisha kushoto na kulia. Tuseme kushoto umeweka sifuri, kulia inasoma 0.2, usikimbize 0.2 yote, rudisha nusu tu, maana upande mmoja ukipanda mwingine unashuka. Soma tena pande zote mbili.

Halafu kaza, na hapo ndipo wengi wanapopotea, kwa sababu kichwa kinahama wakati wa kukaza. Kaza kidogokidogo kwa kupishanisha bolti, soma geji, kaza tena, soma. Kipimo kinachohesabika ni kile ulichosoma baada ya bolti zote kukazwa. Ukibaki ndani ya 0.02 kwenye milimita 200 endelea na kazi, ila rudi kwanza uangalie mbele na nyuma maana huenda nako kumesogea.

Kuna aliyeuliza mbona tundu lake la kuchonga linatoka la yai. Kama ulipandisha goti huku kichwa kimepinda, lazima liwe la yai. Ukishusha kwili litatoka duara, ila litakuwa limelala. Haya, njooni wawili wawili, mmoja ashike spana mwingine asome geji.