Nukta Moja au Nukta Tatu: Kuwatambua Vipepeo wa Mwanza

Mwangaluka, ndugu zangu wa Mwanza, Ukerewe, Sengerema na kote pembezoni mwa ziwa. Huku Uingereza kiangazi kimekolea, na kila Julai na Agosti watu hutoka kuhesabu vipepeo. Zoezi hilo lilianza 2010 na ni jepesi: unasimama penye jua kwa dakika 15, unaandika kila aina unayoiona. Ukiwaona watatu kwa pamoja, andika watatu. Ukimwona mmoja, akaondoka, akarudi tena, andika mmoja, maana huenda ni yuleyule. Wapo pia wenye njia zao za kudumu wanazozipita kila wiki, Aprili hadi Septemba, mpango unaoendelea tangu 1976. Hao huhesabu tu walio ndani ya mita 2.5 kulia, mita 2.5 kushoto na mita 5 mbele. Anayepita nje ya hapo haandikwi hata awe mzuri namna gani.

Njia hii mnaweza kuitumia Luchelele, Kayenze, au kwenye vilima vya mawe pale Bwiru. Ila Uingereza nzima ina aina 59 hivi tu. Huko kwetu aina ni nyingi mno, na wengine wanaigana. Kwa hiyo leo tuanze na hao wanaoigana, kwa sababu ukiwamudu, jicho lako limeshajua pa kuangalia.

Tuanze na wa kwanza. Kipepeo wa rangi ya chungwa, ncha za mabawa ya mbele nyeusi zenye mkanda mweupe. Nina hakika mmeshamwona kando ya barabara. Anaitwa Danaus chrysippus, jina alilopewa na Linnaeus, mwanasayansi wa Uswidi, mwaka 1758. Kiwavi wake hula mimea yenye utomvu mweupe kama maziwa, na sumu ya mmea hubaki mwilini hadi anapokuwa kipepeo. Ndege akimla hutapika, na hamgusi tena. Ndiyo maana anaruka polepole, hana haraka na mtu.

Sasa wa pili. Mkimwona mtadhani ni yuleyule. Siye. Huyu ni jike wa Hypolimnas misippus, hana sumu, amevaa tu nguo ya mwenye sumu ili ndege wamwogope. Dume wake hafanani naye hata kidogo: ni mweusi, na kila bawa lina doa kubwa jeupe lenye ukingo wa buluu-zambarau. Wengi humwandika dume huyu na jike wake kama aina mbili tofauti.

Mtamtofautishaje jike huyu na chrysippus? Acheni bawa la mbele, angalieni la nyuma. Chrysippus ana nukta nyeusi katikati ya bawa la nyuma: jike tatu, dume nne, na ile ya nne ni nene kidogo, ndiyo mfuko wake wa harufu. Misippus ana nukta moja tu, tena iko juu kabisa, kwenye ukingo wa mbele wa bawa hilo. Hapo pana mtego. Akitua amekunjua mabawa, bawa la mbele linaweza kuifunika nukta hiyo. Subirini ayafunge, mumwone kwa chini.

Na msitegemee ule mkanda mweupe wa nchani. Afrika Mashariki ndipo sura kadhaa za chrysippus zinapokutana. Wapo wasio na weusi wala mkanda nchani, na wapo wenye bawa la nyuma jeupe. Misippus naye huziiga sura hizo zote. Rangi itawadanganya, nukta haidanganyi.

Saa za kutoka: huku tunangoja joto lipande, huko ni kinyume. Saa tatu hadi saa tano asubuhi ndiyo bora. Mapema zaidi ya hapo kipepeo bado ana baridi, hukaa amekunjua mabawa juu ya jiwe akiota jua, na huo ndio wasaa wa picha. Mchana wengi hujificha vivulini. Misimu mizuri ni wakati wa mvua na wiki chache baada yake, majani yakiwa mabichi.

Mwendo nao ni muhimu. Njoo chini chini, kwa upande, na usiache kivuli chako kimpite, kwani kivuli ndicho kinachomkimbiza kuliko hatua zako. Simu ikiwa sentimita 30 hadi 40 inatosha. Piga picha ya juu NA ya chini ya mabawa. Ukipata moja tu, chukua ya chini. Andika tarehe, saa, mahali na mmea aliotua.

Mialoni angalieni mchanga uliolowa. Madume hukusanyika pale kunyonya chumvi kwa mrija wao, na wakinogewa unaweza kuwasogelea karibu kabisa. Lakini kaeni mchangani, msisimame kwenye maji ya kina kifupi yenye majani, kichocho kipo.

Kwa wenye milimao au michungwa uani, kazi ni rahisi zaidi. Geuzeni majani machanga mtafute yai moja moja, la manjano hafifu, dogo kama kichwa cha pini. Ni la Papilio demodocus, yule mkubwa mweusi mwenye madoa ya manjano. Kiwavi akiwa mdogo anafanana kabisa na kinyesi cha ndege, mweusi na mweupe, kwa hiyo watu humpita. Akikua huwa wa kijani. Mguse kidogo nyuma ya kichwa: atachomoa pembe mbili laini za rangi ya chungwa zenye harufu kali.

Tafadhali msikimbilie dawa. Mti mkubwa hauumii kwa viwavi wachache. Inayoumia ni miche, maana viwavi watatu wanaweza kuumaliza mche mmoja majani. Kateni jani pamoja na kiwavi wake, mlibane kwenye tawi la mti mkubwa wa jamii hiyohiyo, ndimu, limao au chungwa. Atahama mwenyewe jani likianza kunyauka.