Acheni Kukata Duara: Kuchora Wafuasi Wako Ujue Nani Ananunua

Asanteni. Takwimu za wafuasi wa akaunti zenu za mtandaoni mnajua mnazipata wapi, sitapoteza muda huko. Naenda kwa jambo ambalo nalisema kila mahali naitwa na bado watu wananiletea: asilimia za wafuasi zimewekwa kwa lile duara la rangi rangi limekatwa vipande kama chapati. Jameni, liacheni!

Chukua dada anauza viatu soko la Gikomba hapa Nairobi na ana akaunti ya Instagram. Tuseme asilimia 28 ya wafuasi wake ni wa miaka 18 hadi 24, asilimia 35 ni wa 25 hadi 34, waliobaki wako huku na kule. Ukiweka hiyo kwa duara jicho linahangaika, kipande gani kimezidi na kimezidi kiasi gani, na si mimi nimesema, watafiti Cleveland na McGill waliwapima watu huko Marekani wakaandika mwaka 1984 kwamba mistari inayoanzia mahali pamoja tunailinganisha vizuri kuliko pembe. Chora mistari minene, mmoja kwa kila fungu la umri, urefu ufuate asilimia, mmoja chini ya mwingine, yote ianzie sifuri. Basi, unaona hapo hapo.

Najua kuna mtu anasema lakini duara linapendeza. Linapendeza sawa, lakini elfu mbili ya tangazo ukiitupia watu wasionunua, hiyo rangi itakurudishia?

Ngojeni, sijamaliza, hapa ndipo wengi wanapotea. Hayo mafungu ya umri hayalingani! 18 hadi 24 ni miaka saba, 25 hadi 34 ni miaka kumi, sasa fungu pana lisipate watu wengi kwa nini? Gawanya. 28 kwa 7 ni 4 kwa kila mwaka wa umri, 35 kwa 10 ni 3.5. Kumbe vijana wa chuo ndio wamejaa zaidi, na dada yetu alikuwa ashaamua kujaza kibanda viatu vya ofisi. Mtu ataniambia mwalimu mimi nauza viatu, hesabu ni ya nini. Mama, hesabu ndiyo inakuambia mzigo wa kesho ununue upi, na hiyo ni pesa yako, pengine ni ya chama chenu cha akiba.

Halafu mfuasi si mnunuzi. M-Pesa inakuonyesha pesa imeingia, umri haikuambii, kwa hivyo weka daftari hapo kwa kibanda, kila anayelipa unamkadiria fungu lake unapiga kijiti, vijiti vinne, cha tano unakatisha. Mwisho wa mwezi geuza hivyo vijiti viwe asilimia, chora mstari wa wanunuzi chini ya ule wa wafuasi, fungu kwa fungu. Pale mstari wa wafuasi ni mrefu na wa wanunuzi ni kipande, hao wanapenda picha tu, bei yako haiwafai au saizi zao huna. Uliza ujue ni ipi.

Naona naonyeshwa saa. Haraka haraka: mahali, Instagram inakupa Nairobi kama mstari mmoja, mtaa wa kawaida kama Umoja na wa matajiri kama Karen, wote humo ndani, hivyo uliza watu wa boda wanakupelekea wapi mizigo. Na ukiwa na wafuasi 150, asilimia 2 ni watu watatu, usiwanunulie mzigo. Rangi leo tuache. Mwenye simu aje mbele na takwimu zake tuchore, daftari ninalo.