Kutengeneza chanzo cha kelele cha kupimia redio

Karibu, ndugu mtazamaji. Leo, hapa Malindi, tutatengeneza kifaa kidogo kinachotoa kelele ya redio, yaani ule mvumo wa "shhh" unaosikika kati ya stesheni mbili, ili tuweze kupima kipokezi bila kutegemea stesheni yoyote. Fundi wa mwambao huletewa redio na kuambiwa kwamba haishiki, naye huanza kwa kubadilisha antena, kisha waya, kisha akalaumu hali ya hewa, kwa sababu hana kitu kisichobadilika cha kulinganishia. Stesheni ya masafa mafupi inayosikika vizuri usiku yaweza kufifia kabisa adhuhuri, kwa hiyo kipimo kinachoitegemea hakiaminiki. Kwetu sisi jambo kubwa si kelele iwe kali kiasi gani, bali iwe ile ile leo na mwezi ujao.

Kila rezista iliyo na joto hutoa kelele yake, hata isipounganishwa na betri. Mtafiti Johnson aliipima, na mwenzake Nyquist akaieleza kwa hesabu, katika maandishi waliyoyatoa mwaka 1928 wakiwa Marekani. Katika joto la kawaida la chumba, kelele hiyo ni takriban desibeli 174 (desibeli ni kipimo cha kulinganisha nguvu mbili) chini ya miliwati moja kwa kila hezi moja ya upana wa masafa. Kiasi hicho ni kidogo mno kwa kazi yetu, kwa hiyo tutatumia transista iliyofungwa kinyume, ambayo kelele yake ni kali zaidi kwa mbali. Kupima kipokezi kwa kelele si mchezo wa mezani tu. Kaskazini ya mji wetu, pale Ngomeni, ndiko kwenye kituo cha anga cha Waitaliano ambacho jukwaa lake la San Marco, lililo baharini, lilirusha setilaiti ya Uhuru tarehe 12 Desemba 1970, na kituo chochote cha ardhini kinachopokea mawimbi dhaifu ya setilaiti hupimwa uwezo wake kwa kulinganisha mawimbi hayo na kelele.

Sasa tazama vifaa vilivyo mezani. Tunazo transista mbili za 2N3904, rezista moja ya ohmu 4,700, moja ya ohmu 47,000, moja ya ohmu 1,000, moja ya ohmu 68 na nne za ohmu 100. Tunazo pia kapasita za kauri, mbili zilizoandikwa 103 na mbili zilizoandikwa 104, pamoja na swichi ya kuwasha na kuzima betri, soketi ya antena, kipande cha bodi ya shaba na betri ya volti 12, mfano ile ya pikipiki au ya sola. Angalia sana rangi za rezista, kwa maana ya 4,700 ni njano, zambarau na nyekundu, na ya 47,000 ni njano, zambarau na chungwa; chini ya taa hafifu mtu huzichanganya kwa urahisi. Usitumie chaja ya simu wala adapta ya ukutani badala ya betri, kwani hizo huzalisha kelele zao wenyewe, zenye vilele katika masafa fulani, nawe utadhani unapima kifaa chako kumbe unapima adapta.

Hatua ya kwanza ni transista inayotoa kelele. Ishike ikikutazama kwa upande wake bapa, miguu ikielekea chini: mguu wa kushoto ni emita, wa kati ni besi, na wa kulia ni kolekta. Ukikosa 2N3904 na ukapata BC547, kazi itaendelea vizuri, ila kumbuka kwamba miguu yake imepangwa kinyume, kolekta ikiwa kushoto na emita kulia. Kata mguu wa kolekta, kwa sababu hatuuhitaji. Lehemu besi kwenye shaba ya bodi, ambayo ndiyo upande hasi, kisha unganisha emita na upande chanya kwa kupitia rezista ya ohmu 4,700. Kwa kawaida umeme huingia kwa besi na kutoka kwa emita. Hapa tunaulazimisha upite kinyume, hadi kizuizi kilicho kati ya sehemu hizo mbili kishindwe na chembe za umeme zianze kuporomoka, moja ikizigonga nyingine bila mpangilio, na huo mporomoko usio na mpangilio ndio kelele yetu. Transista iliyofanyiwa hivi hupoteza sehemu ya uwezo wake wa kukuza, kwa hiyo usiirudishe kwenye sanduku la vipuri pamoja na zile nzima.

Kabla ya kuendelea, washa betri na pima kwa mita kati ya emita na upande hasi. Unapaswa kuona takriban volti 6 hadi 10. Mita ikionyesha volti zote za betri, yaelekea umeunganisha kolekta mahali pa emita, au kiungo kimoja hakikushika. Ikionyesha takriban volti 0.7, emita na besi zimebadilishana nafasi. Kipimo hiki kinachukua muda mfupi sana, nacho kitakuokoa na usumbufu wa kutafuta kosa baada ya kila kitu kulehemiwa. Ukiridhika, zima umeme.

Hatua ya pili ni kikuzaji. Transista ya pili huunganishwa emita yake moja kwa moja na upande hasi, kolekta yake huenda upande chanya kupitia rezista ya ohmu 1,000, na kati ya kolekta na besi tunaweka rezista ya ohmu 47,000. Kelele hutoka kwenye emita ya transista ya kwanza, ikapita katika kapasita ya 103 na kuingia kwenye besi ya transista ya pili. Kapasita mbili za 104 huwekwa kati ya upande chanya na upande hasi, moja karibu na kila transista, ili kelele isirudi nyuma kwa njia ya betri. Kata miguu ya vipuri iwe mifupi kadiri inavyowezekana, kwa sababu katika masafa ya juu hata sentimita mbili za waya hufanya kazi ya koili. Ukipima kolekta ya transista hii ya pili, utapata takriban volti 2 hadi 5.

Hatua ya tatu ndiyo ambayo wengi huiruka, nami nakusihi usiiruke. Kutoka kwenye kolekta, kelele hupita katika kapasita ya pili ya 103, kisha katika kipunguzi cha rezista tatu: moja ya ohmu 100 kwenda upande hasi, ya ohmu 68 kwenda mbele hadi kwenye soketi, na nyingine ya ohmu 100 kutoka kwenye soketi kwenda upande hasi. Kipunguzi hiki huondoa karibu desibeli 10, na mtu aweza kuuliza kwa nini tukuze halafu tupunguze. Sababu ni kwamba kipokezi kinapotazama ndani ya kifaa chetu kinapaswa kuona ohmu 50, iwe kifaa kimewashwa au kimezimwa. Bila kipunguzi, kuwasha na kuzima kungebadilisha pia ukinzani ambao kipokezi kinauona, na tofauti ambayo ungeisoma isingekuwa ya kelele peke yake.

Funga kazi yote ndani ya kopo la bati, kwani bati hushika risasi ya kulehemu vizuri, ilhali alumini haishiki kwa njia ya kawaida. Safisha bodi kwa spiriti kwanza, kwa sababu mabaki ya dawa ya kulehemu hunyonya unyevu, na upepo wetu wenye chumvi, kaskazi na kusi vile vile, haukawii kuotesha ukoko wa kijani juu ya shaba.

Sasa tupime. Chomoa antena, na mahali pake weka kwanza rezista mbili za ohmu 100 zilizolehemiwa sambamba, ambazo kwa pamoja ni ohmu 50. Weka redio kwenye AM au SSB (namna ya kupokea sauti inayotumika katika redio za mawasiliano), zima kidhibiti cha ukuzaji cha kujiendesha ikiwa redio inaruhusu, weka kitufe cha sauti mahali pamoja usikiguse tena, kisha pima volti za mkondo geu kwenye spika. Baadaye weka chanzo cha kelele, kiwashe na upime tena. Tuseme mara ya kwanza ulisoma volti 0.1 na mara ya pili volti 0.4: kelele imepanda kwa desibeli 12, kwa maana volti zikiongezeka maradufu ni karibu desibeli 6, na hapa zimeongezeka maradufu mara mbili. Fanya hivyo kwa redio unayojua ni nzima, kisha kwa ile inayolalamikiwa, katika masafa yale yale. Ikiwa ya kwanza inapanda desibeli 12 na ya pili inapanda 3 tu, ugonjwa umo ndani ya redio, na hakuna antena itakayoutibu. Zikipanda sawa, iache redio uende ukakague antena na kebo yake.

Usilinganishe masafa mbalimbali, kwa sababu kelele yetu huteremka taratibu kadiri unavyopanda juu ya megahezi 30. Wala usitumie njia hii ya spika kwa redio za FM, pamoja na zile za VHF za vyombo vya baharini: redio ya FM isiyo na stesheni tayari inavuma kwa nguvu zake zote, na kuiongezea kelele hakubadilishi volti za spika. Kwa hizo unahitaji kipimo cha nguvu ya mawimbi kilichomo ndani ya redio yenyewe.

Nisisitize mambo mawili ya usalama. Redio ya chombo ikiwa imeunganishwa na kifaa hiki, mtu asibonyeze kitufe cha kuongea, maana wati 25 za redio iliyofungwa chomboni zitaunguza rezista za kipunguzi mara moja. La pili, usiunganishe kifaa hiki na antena kamwe. Kelele yake imeenea katika masafa mengi kwa wakati mmoja, na hakuna sababu ya kuwapelekea majirani wanaosikiliza redio, sembuse manahodha wanaotegemea chaneli ya 16 kuomba msaada.

Mwisho, bandika karatasi juu ya kopo na uandike volti za betri na volti za emita ulizozisoma siku ya kwanza. Kila unapokitumia, pima hizo mbili kabla ya kugusa redio. Volti za betri zikiwa zimeshuka, ichaji hadi zifikie ulizoandika, ndipo uanze.